William Shawn: mhariri aliyejificha, na mashahidi wake wasioafikiana

Brendan Gill anamkumbuka bosi mwenye adabu kupita kiasi aliyeogopa lifti. Ved Mehta anamkumbuka mwalimu asiye na mfano. Lillian Ross anamkumbuka mpenzi aliyegawa maisha yake katika nyumba mbili. Gardner Botsford anamkumbuka mkubwa wa kazi aliyeng'ang'ania kiti. Allen Shawn anamkumbuka baba. Wote wanamzungumzia mtu mmoja, William Shawn, aliyelihariri jarida la Kimarekani la The New Yorker kuanzia 1952 hadi 1987 na ambaye hakuwahi kuchapisha tawasifu yake.

Hapa Iringa tupo watu wachache, wengine wa redio, wengine walimu, wengine wa magazeti, tunaopeana vitabu, vingi vikiwa vya mtumba na vingine kopi zilizobanwa kwa pini. Vitabu kuhusu Shawn vilipoanza kupita mkono kwa mkono, ubishi ulikuwa uleule kila tulipokaa: nani anasema kweli? Jibu langu nalitoa mapema ili usiningoje. Karibu wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasimulia chumba kile alichoruhusiwa kuingia, na mwenye kuruhusu alikuwa Shawn mwenyewe. Kinachotatiza ni jinsi ya kusoma ushahidi wa namna hiyo bila kumfanya mtu malaika wala mnafiki.

Tuanze na mambo yasiyo na ubishi. Alizaliwa Chicago tarehe 31 Agosti 1907, jina lake la ukoo likiandikwa Chon. Baba yake aliuza visu jirani na machinjio makubwa ya mji ule, hata watu wakambandika jina la Jackknife Ben. Kijana aliacha Chuo Kikuu cha Michigan kabla ya kumaliza, akafanya kazi katika gazeti la Las Vegas, ile ndogo ya jimbo la New Mexico, si ya kamari. Akaoa, akabadili tahajia ya jina, akaishia New York. Mwaka 1933 aliingia The New Yorker kama ripota wa kawaida. Jarida lenyewe lilikuwa changa, limeasisiwa 1925 na Harold Ross na mkewe Jane Grant. Kufika 1939 Shawn alikuwa mhariri mtendaji, na Ross alipofariki Desemba 1951, kiti kikawa chake mwanzoni mwa mwaka uliofuata.

Ukitaka kujua kwa nini watu wanagombania kumbukumbu zake, angalia kilichopita mezani pake. Mwaka 1946, angali chini ya Ross, alipokea ripoti ndefu ya John Hersey kuhusu watu sita walionusurika bomu la Hiroshima. Mpango ulikuwa kuichapisha kwa sehemu nne. Shawn alikataa, akasema habari ile ikikatwakatwa itakufa, itolewe yote kwa mkupuo. Ross alisita, akazunguka nalo, mwisho akakubali. Toleo la 31 Agosti 1946, siku ambayo Shawn alitimiza miaka 39, lilitoka bila katuni na bila makala nyingine yoyote ya kusoma zaidi ya hiyo. Aliyefungua jarida akitafuta vichekesho vyake vya kila wiki alikutana na majivu.

Kisha ukaja mfululizo ambao mhariri mwingine angejivunia kimoja tu kati yake. Mwaka 1962 alichapisha kwa sehemu tatu kazi ya Rachel Carson juu ya sumu za kuulia wadudu, DDT ikiwa mbele. Kampuni za kemikali zilikuja juu, na mjadala ule haujaisha mpaka leo. Simama barabarani Ilula msimu wa nyanya, uone bomba za kupulizia dawa mgongoni mwa vijana wasio na barakoa, utaelewa Carson alikuwa akisema nini. Novemba mwaka huohuo akatoa insha ndefu ya James Baldwin kuhusu rangi na dini Marekani. Mwaka 1963 ripoti za Hannah Arendt kutoka kesi ya Eichmann, ofisa wa Kinazi. Mwaka 1965 simulizi ya Truman Capote kuhusu mauaji ya familia moja ya Kansas. Na huyo aliyechapisha bomu, sumu na mauaji hakuruhusu tusi hata moja kwenye kurasa zake.

Jina lake hulioni popote humo. The New Yorker ya enzi zake haikuwa na orodha ya wahariri. Hadi 1969 haikuwa hata na yaliyomo, na jina la mwandishi lilikaa mwisho wa makala, kama saini chini ya barua. Shawn mwenyewe aliwahi kuchapisha humo hadithi moja tu ya kubuni inayojulikana, mwaka 1936, akaiwekea herufi mbili, W.S. Inahusu kimondo kinachoiangukia New York na kuifuta. Sisi wa nyanda hizi tuna kimondo chetu pale Mbozi, kipande cha chuma cha tani zaidi ya 10, na hakijulikani kumdhuru mtu. Cha Shawn kinateketeza mji mzima, na mwandishi wake yuko mbali, ametulia, kama anayeripoti hali ya hewa. Wanaotafuta siri za moyo wake wangeanzia kwenye hadithi ile kabla ya kukimbilia chumba cha kulala.

Hakupenda kuhojiwa, hakupenda kupigwa picha. Na penye ukimya wa aina hiyo uvumi hujipatia kiti. Ofisini ilizagaa hadithi kwamba alibeba shoka dogo ndani ya mkoba wake, endapo lifti itakwama aweze kujikomboa. Lifti aliiogopa kweli, hilo wanakubaliana wote. Alipenda ile yenye mhudumu ndani. Aliogopa ndege na mahandaki pia, na baridi aliikimbia, akivaa sweta juu ya sweta hata siku ambazo wenzake wanatafuta feni. Njombe mwezi wa Juni angeonekana mtu wa kawaida kabisa. Shoka ni jambo jingine. Kila msimulizi analitaja, na sijakutana na hata mmoja anayesema aliliona kwa macho yake.

Uvumi mzito zaidi ulichapishwa. Aprili 1965 Tom Wolfe, wakati huo kijana machachari, aliandika makala mbili za kumdhihaki Shawn na jarida lake katika jarida la Jumapili la gazeti la New York Herald Tribune. Humo alidokeza kwamba hofu za Shawn zilitokana na mauaji mashuhuri ya mvulana mmoja Chicago mwaka 1924, kwamba eti wauaji walikuwa wamemfikiria Shawn naye. Shawn alipopata habari kabla ya makala ya kwanza kutoka, alimwandikia mwenye gazeti barua ya kumsihi aizuie, na gazeti likaigeuza barua yenyewe kuwa tangazo la makala. Watu wazito walimtetea, waandishi J.D. Salinger na E.B. White wakiwemo, na wengine wakapekua makosa ya Wolfe moja baada ya jingine. Lakini hebu fikiria. Huyu ndiye mtu ambaye jarida lake lilikuwa na dawati la wahakiki tangu mwisho wa miaka ya 1920, baada ya kuaibika kwa makosa katika makala juu ya mshairi Edna St. Vincent Millay. Wahakiki wale walipiga simu kuuliza hata rangi ya mlango. Kuhusu bosi wao, hapakuwa na wa kumpigia simu.

Kumbukumbu zote zilizofuata zimeandikwa katika upungufu huo. Mwandishi wa kumbukumbu hahakikiwi, na shahidi mkuu alikataa kutoa ushahidi.

Gill alitangulia, mwaka 1975, jarida likiadhimisha miaka 50. Kitabu chake ni cha vichekesho vya ofisini, kinasomeka kama mtu anayekusogezea kiti akakuambia kaa nikupe umbea. Ila angalia tarehe. Shawn alikuwa hai, alikuwa bosi, na kitabu kinamalizika kwa maandishi ya Shawn mwenyewe juu ya Harold Ross. Kwa hiyo unachosoma pale ni kile ambacho mwajiriwa angeweza kusema huku bosi wake akiwa jengo lilelile. Mpole, mcha Mungu wa koma na nukta, mwoga wa lifti: udhaifu unaochekesha bila kuumiza. Simlaumu Gill. Nani kati yetu angeandika vingine kabla ya tarehe ya mshahara?

Shawn alifariki tarehe 8 Desemba 1992, na mwaka 1998 vikatoka vitabu viwili kwa pamoja. Hapa ndipo fundo lenyewe lilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ved Mehta alizaliwa Lahore mwaka 1934, akapofuka kwa homa ya uti wa mgongo akiwa mtoto mdogo kabisa. Aliandikia The New Yorker kwa zaidi ya miaka 30, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kitabu chake ni cha mwanafunzi kwa mwalimu, na ndicho kinachokuonyesha kazi yenyewe ya uhariri ilivyokuwa. Makala ikikubaliwa inapangwa kwenye prufu, karatasi ndefu yenye pambizo pana. Prufu moja inakwenda kwa mwandishi, nyingine kwa mhakiki, nyingine kwa mwanasheria, nyingine kwa Eleanor Gould Packard, mwanamke aliyeisimamia sarufi ya jarida lile kwa miongo kadhaa na ambaye sentensi legevu haikumpita. Kila mmoja anaandika maswali yake pambizoni kwa penseli. Huyu nani, hajatajwa mwanzo? Mto huu unatiririka upande huo kweli? Kisha anakaa mtu mmoja na mwandishi, wanapita swali kwa swali, koma kwa koma, na kwa makala nyingi mtu huyo alikuwa Shawn. Mehta alisomewa kila kitu kwa sauti, basi kwake Shawn ni sauti kabla ya kuwa kitu kingine: ya chini, isiyo na haraka, inayouliza kana kwamba inaomba radhi.

Hapo Mehta hayuko peke yake. John McPhee, mwandishi mwingine wa jarida, naye amesimulia jinsi makala yake ya kwanza kubwa, ya mwaka 1965, ilivyopitiwa na Shawn, wakabishana juu ya alama ndogondogo huku jarida zima likisubiri kuingia mtamboni. McPhee akamuuliza anapata wapi muda wa kukaa na kijana mmoja juu ya mambo madogo namna ile. Shawn akamjibu kwamba kazi huchukua muda inaouchukua. Kwa sisi ambao habari hutumwa kwa WhatsApp saa kumi na kusomwa hewani saa kumi na moja, jibu hilo linatia wivu na kukera kwa pamoja.

Sasa geukia kitabu cha pili cha mwaka uleule. Lillian Ross (hana undugu na Harold) alikuwa ripota nyota wa jarida tangu miaka ya 1940, maarufu kwa makala yake ya 1950 juu ya Hemingway. Yeye anafichua kwamba kwa miaka 40 hivi alikuwa mpenzi wa Shawn, walikuwa na makazi yao jirani na nyumba ya ndoa, na mtoto aliyeasiliwa na Ross alilelewa na wote wawili. Mke, Cecille, alijua, kwa maelezo ya Ross. Na Cecille alikuwa hai kitabu kilipotoka. Shawn wa kitabu hiki si yule wa pambizo na penseli. Ni mtu anayehisi kwamba maisha yake yamemezwa na maandishi ya wengine, anayetaka kuandika na haandiki, anayekuwa nyumbani bila kuwa nyumbani.

Wengi waliosoma walimkasirikia Ross, na wenzangu wa Iringa waligawanyika nusu kwa nusu. Aliyemtetea kwa nguvu alikuwa mwalimu mmoja wa sekondari, akisema mwanamke aliyefichwa miaka yote hiyo ana haki ya kusema alikuwepo. Aliyempinga aliuliza, je, mke naye hakuwa na haki ya kufa kwa amani? Mimi naona wote wanauliza swali la maadili, wakati msomaji wa kumbukumbu ana swali la ushahidi kwanza. Ukimuuliza hivyo, Ross anaaminika zaidi kuliko wanavyotaka wanaomchukia na kidogo kuliko anavyotaka yeye. Anaaminika kuhusu kilichotokea, maana uhusiano ule watu wa ofisini waliujua. Anaaminika kidogo kuhusu kilichokuwa moyoni mwa Shawn, maana huko ndiko alikokuwa na hitaji kubwa kuliko yeyote. Mtu aliyengoja miaka 40 anahitaji kuamini kwamba maisha halisi ya mpenzi wake yalikuwa upande wake.

Walio huku kwetu wana uzoefu wa kusoma jambo hili kuliko wanavyodhani, kwa sababu wamehudhuria misiba. Wasifu wa marehemu unasomwa, mwakilishi wa kazini anasema alikuwa mchapakazi, mzee wa kanisa anasema alikuwa mcha Mungu, mjumbe anasema hakukosa mchango wa mtaa, mshereheshaji anawahimiza wafupishe. Halafu pembeni, karibu na turubai la mwisho, amesimama mama na kijana mwenye sura ileile ya marehemu, na hakuna anayewataja kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyedanganya pale mbele. Ila wasifu ule una mwandishi, una wasikilizaji, na una mama wa pembeni ambaye siku moja akipewa kipaza sauti hatasimulia habari za michango ya mtaa. Nyumba ndogo ya Shawn ilipata kipaza sauti mwaka 1998, na ikasema yake.

Mwaka uliofuata akaja Renata Adler, naye mwandishi wa jarida lile, na kitabu chake ni ghadhabu tupu. Anafungua kwa kutangaza kwamba jarida limekufa, kisha anawapiga waliomwondoa Shawn, waliomrithi, na hata waandishi wenzake wa kumbukumbu, Mehta na Ross wakiwemo. Nimemsoma kwa raha, simtumii kama shahidi wa Shawn. Namtumia kama shahidi wa kile ambacho kuondoka kwa Shawn kuliwafanyia watu waliomtegemea.

Kwa sababu waliumia kweli. Jarida liliuzwa 1985 kwa kampuni ya familia ya Newhouse. Januari 1987 mmiliki mpya akatangaza kwamba Shawn, akiwa na miaka 79, anaondoka na nafasi yake inachukuliwa na Robert Gottlieb, mhariri wa vitabu. Watu 154 wa jarida walisaini barua ya kumwomba Gottlieb asikubali kazi. Gottlieb akaja. Soma barua ile kwa jicho kavu na utauliza: imekuwaje taasisi ya miaka zaidi ya 60 haina mtu hata mmoja ndani aliyeandaliwa?

Botsford, kitabu chake cha 2003, ndiye anayekusogeza karibu na jibu. Alikuwa mhariri wa ndani, baba yake wa kambo alikuwa mmiliki wa jarida, na alishastaafu, basi hakuwa na cha kuogopa. Anamheshimu Shawn kama mhariri na hamsamehi kama kiongozi. Katika miaka ya 1970 Shawn alijaribu kumsimika mwandishi kijana, Jonathan Schell, watu wakapinga, jambo likafa, na baada ya hapo mpango wa urithi ukabaki kuwa mazungumzo yasiyokwisha.

Hapa natofautiana na wanaomsifu Shawn kwa unyenyekevu. Usiri wake ulikuwa haya, sikatai, lakini ulikuwa pia namna ya kutawala. Yeye peke yake alijua nani analipwa kiasi gani. Waandishi wengi walichota fedha kabla ya kazi, kisha makala ikinunuliwa deni linapunguzwa, na aliyejua ukubwa wa deni lako na hatima ya makala yako ni huyohuyo mmoja. Makala zilinunuliwa zikakaa miaka kabatini bila kuchapishwa, na mwandishi hajui aulize wapi. Joseph Mitchell, mmoja wa waandishi bora waliopita pale, alichapisha makala yake kubwa ya mwisho mwaka 1964, kisha akaendelea kuja ofisini hadi alipofariki 1996, bila kuchapisha jingine humo. Shawn hakumsukuma. Mashabiki wanaita hiyo heshima kwa msanii. Inawezekana. Lakini mhariri asiyeuliza kwa zaidi ya miaka 20 naye ameamua jambo, na hakuna aliyeweza kumhoji kwa uamuzi huo, kwa sababu hakuonekana akiuamua.

Ndiyo maana nakipa uzito kitabu ambacho wengi wanakipita. Janet Groth alikaa mapokezi, ghorofa ya 18, kuanzia 1957 hadi 1978, akaandika mwaka 2012. Shawn hatokei sana kwake, na huko kutotokea ni habari. Groth alipokea simu za waandishi wakubwa, alimwagilia maua yao, alitunza siri zao, alitamani kuandika, na hakupandishwa. Wanaume wanaosimulia mlango wa Shawn kuwa mgumu kufunguliwa wanasahau kwamba wao waliufungua.

Mtoto naye aliandika. Allen Shawn ni mtunzi wa muziki, na kitabu chake cha 2007 kinahusu hofu zake mwenyewe: ya madaraja, ya lifti, ya kwenda mbali na nyumbani. Anaziandama kurudi nyuma na kumkuta baba. Katika nyumba ile watu hawakusema. Allen alikuwa na dada pacha aliyekuwa na usonji, na akiwa na miaka minane dada huyo alipelekwa kuishi kwenye taasisi. Jambo hilo nalo lilifunikwa kwa adabu. Maisha ya pili ya baba, yeye aliyajua akiwa mtu mzima. Ukimsoma Allen, hofu za Shawn zinaacha kuwa kichekesho cha Gill na siri ya Wolfe. Zinakuwa hali ya familia, inayorithiwa na kupangiwa ratiba, watu wanapanga safari na chakula kuizunguka bila kuitaja. Hana chuki na hana ibada. Kwangu ndiye shahidi bora, na ni kwa sababu hakuja kumtetea wala kumshtaki baba. Alikuja kuuliza kwa nini yeye mwenyewe anashindwa kuvuka daraja.

Mtu akikaa kimya, wengine humwandika, na Iringa ni mahali pazuri pa kulikumbuka hilo. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hakuacha barua ya kutueleza nafsi yake. Siku zake za mwisho, hadi alipojiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898, zilipata maandishi kutoka upande uliokuwa ukimsaka. Magdalene von Prince, mke wa ofisa wa Kijerumani aliyeongoza msako, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1903. Upande wa pili ulibaki kwenye midomo ya Wahehe. Fuvu lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 lilichaguliwa na Gavana Twining kati ya mafuvu yaliyokuwa makumbushoni Bremen, kwa kulinganisha vipimo. Wanahistoria hawamtupi Magdalene kwa sababu alikuwa adui. Wanamuuliza alikuwa amekaa wapi, aliona nini kwa macho yake, aliambiwa nini na nani, na alikuwa akiwaandikia wasomaji gani kule kwao.

Maswali hayohayo yanatosha kwa Shawn. Yale ambayo mahasimu wanakubaliana yapokee: sauti ya chini, adabu iliyochosha, hofu ya lifti, kupenda kupiga piano za jazi, uwezo wa kusoma makala na kuona inachotaka kuwa kabla mwandishi hajaona. Gill, Botsford, Lillian Ross na Allen hawakupatana, na wote wanamkuta hapo. Ya moyoni yapime kwa hitaji la anayesema. Ya mwaka yapime kwa nani alikuwa hai: 1975 bosi yupo, 1998 mjane yupo, 2007 wazazi wote wawili wameondoka, na unaona jinsi sauti inavyolegea. Na yale ambayo hakuna aliyeyaona, kama shoka, yaache mkobani.

Kuna ushahidi wa namna nyingine ambao hauna chuki wala mapenzi. Kumbukumbu za ofisi za The New Yorker zilikabidhiwa maktaba kuu ya umma ya New York mwanzoni mwa miaka ya 1990: barua, memo, prufu, malipo. Humo Shawn anaandika bila kujua kama utakuja kusoma. Mwandishi wa wasifu wa kweli ataanzia huko, na vitabu hivi vya kumbukumbu vitakuwa pembeni yake kama mashahidi wa kuhojiwa.

Wengi wetu hatutafika New York, na vitabu vyenyewe huku vinapatikana kwa bahati. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kimoja, chukua cha Allen Shawn. Ukipata viwili, ongeza Mehta, hasa kama unahariri kazi za watu. Ruka sura za sifa, kaa kwenye zile za prufu. Groth asome yeyote aliyewahi kukaa mapokezi au kumpuuza aliyekaa. Ross mwache mpaka umeshawasoma hao, la sivyo atakufanya uwaone wote kama waficha siri. Gill anafaa safari ya basi, Iringa mpaka Mbeya unakimaliza nusu na umecheka. Adler usimnunue, muazime kwa mtu anayependa ugomvi, kwa sababu huyo hakosi kuwa naye, na atakuletea mwenyewe akitaka mbishane.